Mteja Aliyeitwa Simu

Mimi ni fundi cherehani wa nguo za kike, na kabla hujanihukumu kwa yaliyotokea Alhamisi ile, naomba ujue jambo moja: kwa miaka ishirini na tisa sijawahi kumtajia mtu kiuno cha mtu mwingine. Nimeulizwa na mawifi. Nimeulizwa na waume waliotaka kununua zawadi, na waume waliotaka kuthibitisha tuhuma. Mama mkwe mmoja aliniletea kuku mzima, mzima kabisa, analia, ili nimwambie tu kama mkwewe anaongezeka. Kuku nilimpokea, kiuno sikukitaja.

Daftari langu la vipimo halina jina la mtu hata mmoja. Kila mteja nimempa jina la kazi. Kuna Kabati, kuna Twiga, kuna Pazia, kuna Bi Haraka ambaye huja kupimwa gari lake likiwa bado linanguruma nje. Nilijiona mjanja kuliko sungura. Nilichosahau ni kwamba majina hayo yaliwakaa wenyewe kuliko nguo ninazowashonea. Ukisema Kabati tu, mtaa mzima unageuka kumtazama mtu mmoja.

Halafu kuna siri ya pili, na hii nakuambia wewe tu. Zamani sana mteja mmoja alichungulia daftari akaona kiuno chake kimeandikwa arobaini na mbili. Alikaa juu ya rundo la vitambaa akalia mpaka hariri ya mtu mwingine ikaharibika. Hakurudi tena. Tangu siku hiyo, kila kipimo ninachokiandika nakipunguza inchi nne, na nikishika mkasi naziongeza palepale. Nguo inakaa vizuri, mteja akichungulia anatoka anatabasamu, nami napata kulala. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Aliyejua hesabu hiyo, mbali na mimi na mkasi wangu, ni Redio, naye hakuambiwa, aliniona nikikata.

Redio ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu akiwa na miaka saba, na sasa ni msichana mkubwa, ananisaidia kushona na kuendesha ile akaunti yetu ya mtandaoni ambako tunaonyesha nguo. Jina la Redio alipewa akiwa darasa la nne na mwalimu aliyechoka kumnyamazisha, nalo likamganda. Ni haki yake. Ukimwambia habari asubuhi, mchana utakutana nayo sokoni imeshavaa viatu. Nampenda kama roho yangu, lakini kumwambia siri? Afadhali niibandike mlangoni.

Sasa wazo lilikuwa lake. "Mama Mdogo," aliniambia, "daftari likiungua je? Likinyeshewa je? Panya je?" Akalichukua kwa siku mbili, akapiga picha kurasa zake, akaziweka ndani ya akaunti mahali palipofungwa. Ni mimi niliyekubali. Alipoondoka nalo ndipo nilipokumbuka ukurasa wa hamsini na tisa.

Ukurasa wa hamsini na tisa ni wa Kengele. Kengele ni Mwalimu Mkuu wa shule ya hapa mtaani, mwenzangu tangu tunacheza rede kwa soksi iliyojazwa matambara. Ndiye huyohuyo aliyempa mtoto wangu jina la Redio. Miaka miwili iliyopita, wakati wa likizo, alikatwa titi la kushoto katika hospitali ya mbali, na shule ilipofunguliwa alisimama mbele ya wanafunzi kama mtu aliyetoka kutembelea ndugu. Waliojua ni madaktari, yeye, na mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayemshonea kipande cha sponji ndani ya bitana ya kila gauni. Aliniambia siku ile, akiwa amesimama mbele ya kioo changu, "Sitaki kuhurumiwa na watoto ninaowakemea." Nami nikaandika daftarini: Kengele. Kushoto, sponji inchi mbili. Mshono usionekane.

Kwa nini sikumuuliza Redio kama ameupiga picha ukurasa huo? Fikiri mwenyewe. Kumuuliza ni kumwambia kuna kitu. Nikajipa moyo kwamba mtu anayepiga picha kurasa mia na ishirini hasomi hata moja, nikanyamaza. Na kuhusu kwenda kutazama mwenyewe humo ndani, mimi kwenye simu najua kupokea, kukata na kujibu ujumbe.

Ikaja habari ya neno la siri. Redio alikaa juu ya meza ya kukatia, miguu inaning'inia, akanipa somo. Liwe refu. Liwe na herufi na namba. Lisiwe jina langu, wala jina lake, wala mwaka niliozaliwa. Liwe kitu ninachokijua mimi peke yangu.

Nikakipata. Kifua thelathini na sita, kiuno ishirini na nane, nyonga thelathini na nane. Vipimo vyangu vya siku ya harusi yangu, na hivyo havikupunguzwa hata nusu inchi, nakuapia. Redio alinitazama juu mpaka chini, akajiuma midomo, akaandika.

"Sasa usiliandike mahali popote," akasema.

"Mimi mtoto?"

"Na tuweke na hatua ya pili. Mtu akitaka kuingia kwa simu nyingine, namba zinakuja kwako kwanza."

"Mlango wa kwanza ukiwa imara, wa pili wa nini?" nilimjibu, kwa kiburi nilichonacho mpaka leo.

Siku mbili baadaye nikasahau kama nyonga zilikuwa thelathini na nane au thelathini na tisa. Ubishi huo na nafsi yangu ulinila asubuhi nzima. Nilipomuuliza Redio kwa ujanja na akanikumbusha, nikaamua kutosahau tena. Ukutani kwangu kuna ubao mweusi ninaoandika kwa chaki kazi za wiki. Nikaandika kati ya Pazia na Twiga, mwandiko uleule, mstari uleule: Simu. Kifua 36, kiuno 28, nyonga 38. Nani angejua? Ubao mzima ni vipimo! Nilirudi nyuma hatua tatu, nikajisifu.

Wateja walianza kumwonea wivu huyo Simu. Kabati alikuwa akija, kitu cha kwanza anamtafuta ubaoni. "Bado tu ishirini na nane?" anauliza. "Huyu mtu anakula kweli?"

"Anachajiwa," nilimjibu siku moja, nikacheka peke yangu mpaka sindano ikanichoma kidole.

Jumanne Kabati alikuja na mchumba wa mwanawe, Bibi Harusi mtarajiwa, kujaribu gauni kwa mara ya mwisho. Jamani, gauni lilimkaa. Hata Kabati, ambaye sifa zake huwa za kudondosha tone kwa tone, alisema, "Si baya." Binti akatoa simu akajipiga video akizunguka. Akazunguka mara tatu, sketi imefunguka kama mwavuli, na nyuma yake ukapita ubao wangu mara tatu, na chini ya ubao limeandikwa kwa rangi nyekundu jina la akaunti yetu, mtufuate. Akairusha mtandaoni palepale. Kesho yake watu elfu kumi na moja walikuwa wameitazama, na Redio alikuwa akicheza dukani na mkasi mkononi.

Alhamisi asubuhi akaunti ikatukataa. Redio alijaribu mara mbili, mara tatu. Halafu simu za wateja zikaanza kuita, zote pamoja, kwa sababu kila mteja wetu alikuwa amepokea ujumbe kutoka kwangu ambao sikuuandika: Wateja wapendwa, daftari lenu la vipimo ninalo. Mwombeni Fundi awe mwelewa.

Na wangu wa pekee ukaja: Fundi, kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako sasa hivi. Nitumie. Ikifika saa kumi alasiri sijazipata, natangaza ukurasa mmoja mmoja.

Redio alisoma, akaifungua ile video, akaisimamisha. Akaivuta kwa vidole viwili. Akakaa kimya, jambo ambalo kwake ni dalili ya homa.

"Mama Mdogo. Simu ni nani?"

"Mteja."

"Mteja gani?"

"Mteja mwembamba."

Aliweka simu chini. Alicheka kwanza, alicheka mpaka akashika cherehani asianguke, kisha akapangusa macho akaanza kazi. Aliwaandikia wenye mtandao kwamba tumeibiwa, akatuma picha ya kitambulisho changu na picha ya uso wangu, ambao siku hiyo haukuwa wa kupigwa picha. Wakajibu tusubiri, huenda ikachukua saa kadhaa. Halafu akanishika mabega.

"Huyu mtu ameingia, lakini namba ya simu ya mwenye akaunti bado ni yako. Anataka kuibadilisha, na bila hizo namba sita hawezi. Ukimpa, yeye ndiye Fundi, wewe ndiye mwizi. Umenielewa? Asipewe mtu. Hata mimi nikikupigia simu nalia, usinipe."

"Na akitangaza daftari?"

"Atatangaza. Tutaaibika, tutaishi."

Yeye angeishi. Mimi niliona mbele yangu lile neno moja, kushoto, likisomwa na wazazi wa wanafunzi, na wanafunzi wenyewe, na mlinzi wa geti la shule. Namba zilikuwa pale kwenye kioo cha simu yangu. Mara mbili niliandika tatu za kwanza. Mara mbili nikazifuta. Saa nane nilimwambia Redio naenda kununua zipu, nikatoka mbio na futi shingoni na pini kumi mdomoni, na nilifika kona ya pili ndipo nikakumbuka kuzitema.

Mwalimu Mkuu alikuwa ofisini anasahihisha madaftari. Hakuinua uso.

"Umekuja na kiatu kimoja," akasema.

Nilitazama. Kweli. Kingine nilikuwa nimekivua ili nikanyage vizuri pedali ya cherehani, na huko kilibaki. Nikaketi kwenye kile kiti cha watoto watukutu nikamwambia yote, kuanzia panya mpaka nyonga thelathini na nane. Nikafika kwenye ukurasa wake. Nilisema tu, "Nisamehe, mwenzangu. Ulinipa amana, nami nimeiandika kwa chaki ukutani."

Alifunga daftari alilokuwa akisahihisha. Mkono wake ulipanda wenyewe upande wa kushoto, ukagusa gauni, ukashuka.

"Ukimpa hizo namba," akauliza, "hatangazi?"

"Ndivyo anavyosema."

"Miaka thelathini nafundisha watoto. Mtoto akikwambia nipe kalamu yako nisikupige, ukampa, kesho anataka nini?"

"Daftari."

"Na keshokutwa?"

"Ananipiga."

"Sasa wewe una miaka hamsini na mbili na hujui hilo?" Akasimama, akachukua mkoba. "Usimpe hata sifuri."

"Lakini wewe..."

"Mimi nitasimama mstarini kesho asubuhi kama kawaida, na atakayenitazama kifuani atafagia uwanja." Nilimjua tangu tuna meno ya utoto, alikuwa anaogopa. Nami nilikuwa naogopa zaidi yake. Lakini alinishika mkono tukatoka, mmoja na viatu viwili, mmoja na kimoja.

Tulipofika dukani hapakuwa na pa kukanyaga. Wateja walikuwa wamejaa mpaka kwenye chumba cha kujaribia. Twiga ameinama asigonge taa. Pazia anajipepea na kipande cha karatasi ya kukatia. Bi Haraka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa amezima gari. Bibi Harusi alikuwa analia kwamba yote ni kosa lake, na Kabati ameketi kwenye kiti changu karibu na mashine ya ovaloki, mikono kifuani, akinisubiri kama hakimu.

"Fundi," akasema, "kiuno changu kikitangazwa leo, gauni la harusi utalivaa wewe."

Redio alikuwa juu ya meza ya kukatia, simu mkononi, akiwatangazia kila dakika inayopita. Saa kumi kasorobo. Saa kumi kasoro tano. Ujumbe wa mwisho ukaingia kwangu: Namba, Fundi. Nilimtazama Mwalimu Mkuu. Akatikisa kichwa. Nikaiweka simu ndani ya sidiria, mahali ambapo mwizi wa mtandaoni hafiki.

Saa kumi ikalia. Ukurasa wa kwanza ukatokea kwenye akaunti yetu.

"Bi Haraka," Redio akasoma kwa sauti ya mazishi. "Kifua thelathini na nane. Kiuno... thelathini na moja."

Bi Haraka alijitazama tumboni. Akajishika ubavu huu na ubavu huu, kama mtu anayetafuta funguo.

"Thelathini na ngapi?"

"Na moja."

"Mimi?" Sauti ilimpanda. "Baada ya watoto watatu? Thelathini na moja?" Akapiga kigelegele kilichotikisa madirisha. "Nipe! Nitumie hiyo! Wifi yangu lazima aione kabla hajala chakula cha jioni!"

Ndipo nilipokumbuka. Nakuapia, kwa hofu ya ukurasa mmoja nilikuwa nimesahau kazi yangu mwenyewe ya miaka yote ile. Inchi nne! Daftari zima lilikuwa limepunguzwa inchi nne! Nilitazamana na Redio, naye akageuka ukutani mabega yakimtetemeka.

Baada ya hapo hapakushikika. Pazia, thelathini na tatu! Akajirusha mikononi mwa Twiga. Twiga, ishirini na sita! Akagonga taa. Kila ukurasa ulioingia ulipokelewa kwa makofi, wenyewe wakaichukua picha na kuisambaza kwa mawifi, kwa waume, kwa kundi la wazazi, kwa mtu mmoja aliyewahi kumwacha Pazia. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Huyu mwizi mbona anachelewa? Mwambieni aongeze mwendo!"

"Na mimi?" Kabati akauliza. "Mimi ni yupi humo?"

Kicheko kikakatika. Watu wote wakawa wanatazama pini sakafuni. Ni Bibi Harusi, maskini, aliyejitoa mhanga.

"Mama," akasema taratibu, "nadhani wewe ni... Kabati."

"Kabati?"

"Kiuno thelathini na nne, Mama."

Kabati alinitazama. Akatazama simu. Akanitazama tena, na mimi nikaanza kuagana na uhai wangu. Halafu taratibu, uso wake mzima ukafunguka.

"Basi ni kabati dogo hilo," akasema, "la kona." Na akaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, akampiga mkwewe begani mpaka binti akapepesuka.

Mwizi akaandika: Mnacheka nini?

Hakuna aliyemjibu. Hatukuwa na nafasi. Lakini mimi sikuwa nacheka tena. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Redio, nikihesabu kurasa kwa macho, na mkono wa Mwalimu Mkuu umeubana mkono wangu, wa baridi kama pasi isiyo na moto. Hamsini na tano. Hamsini na sita. Hamsini na saba, wakapiga makofi. Hamsini na nane, wakapiga makofi.

Sitini.

Nikadhani macho yamenidanganya. Sitini na moja. Sitini na mbili.

Nilimshusha Redio mezani kwa kola, nikamvuta nyuma ya pazia la kujaribia, Mwalimu Mkuu akaingia nasi. Tulijibana watatu mbele ya kioo.

"Hamsini na tisa uko wapi?"

Redio alimtazama Mwalimu Mkuu, kisha akatazama chini. "Sikuupiga picha."

"Kwa nini?"

"Niliufungua, nikaufunga. Haukuwa wa kupigwa picha."

"Umejua tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwaka jana, Mama Mdogo. Kuna gauni ambalo ukilishona unageuza cherehani ikatazama ukuta, na unalia. Hakuna mtu anayegeuza cherehani kwa ajili ya zipu." Akafikicha pua. "Nikaona likikamilika, nikaona anayekuja kulichukua. Basi."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Si la kwangu."

Mwaka mzima. Mtoto asiyeweza kunyamazia bei ya nyanya. Nilikuwa nimemficha neno ambalo alikuwa akinifichia, kila siku, mita mbili kutoka kwenye kiti changu. Niliona aibu, na niliona fahari, na machozi yakanidondokea kwenye futi. Mwalimu Mkuu alikuwa amelishika pazia kwa mkono mmoja kama mtu aliye ndani ya basi linalokata kona.

Simu ikatetemeka ndani ya sidiria yangu nikaruka. Wenye mtandao walikuwa wametujibu. Wakatuma namba zao kwa namba yangu, ambayo bado ilikuwa yangu, na Redio akaingia, akamfukuza yule mtu katika kila simu aliyokuwa ameingilia, akafuta picha zote zilizokuwa humo, akaniambia nichague neno jipya, nimwonyeshe mgongo nikiliandika, na hatua ya pili akaiweka bila kuniuliza. Mwizi aliondoka na alichokuja nacho, pamoja na swali lake.

Nje ya pazia walikuwa wameshaanza kugombania foleni. Pazia alitaka gauni jipya kwa vipimo vya mtandaoni, vilevile, asiongezewe hata uzi. Nilimwambia nitamshonea hivyohivyo. Mkasi wangu ulikuwa umenisikia, na unajua la kufanya.

"Mwalimu!" Kabati akaita, macho yakimng'aa. "Sisi wote tumetangazwa. Mbona wewe hukutangazwa?"

Wote wakageuka. Wakati huo Redio alipanda tena juu ya meza, akajishika kiuno.

"Ukurasa wake niliumwagia chai," akasema. "Mnaniona hivi? Jana nimechapwa na Mama Mdogo kwa ajili hiyo, na ukubwa wangu huu. Njooni niwaambie na mengine niliyoyaharibu..." Na akaanza, moja baada ya jingine, mashati aliyounguza, mikono aliyoishona kinyume, siku aliyomfungia Pazia ndani ya gauni kwa sindano, na chumba kizima kikamgeukia kwa vicheko.

Mwalimu Mkuu alikwenda kwenye ubao. Akatafuta kati ya Pazia na Twiga, akamfuta Simu kwa kiganja, taratibu, mpaka mstari wake ukawa safi. Alisubiri mpaka Redio akashuka kunywa maji.

"Lile jina lako," akamwambia, chini chini, "ni mimi niliyekupa."

"Ndiyo, Mwalimu. Darasa la nne."

"Miaka thelathini nasahihisha madaftari ya watu. Hapo nilikosea." Akamkabidhi kipande cha chaki, kwa mikono miwili. "Jiandikie jingine."

Redio alikuwa na neno kwa kila jambo tangu alipojua kusema. Alisimama pale na chaki mkononi na hakupata hata moja.